Kamusi Ipi Inunuliwe Kwanza: Kiingereza, Visawe na Kiitaliano

Mfanyakazi wa hoteli au mwongoza watalii wa Malindi, Watamu au Kiwengwa huhitaji Kiingereza cha kazini pamoja na Kiitaliano cha kumwelewa mgeni wake, na kila aingiapo duka la vitabu huulizia kamusi moja itakayomtosheleza kwa yote. Sijaona kamusi ya namna hiyo. Aina nne zilizopo nimezipanga kwa kadiri zinavyokuza msamiati wa Kiingereza, bila kujali unene wa kitabu.

Kabla ya kulipa, tafuta ndani yake maneno "rent", "hire" na "charter". Sisi hupanga nyumba na kukodi gari. Mwitaliano naye hutenganisha, kwani nyumba kwake ni "affittare" na gari au boti ni "noleggiare". Mwingereza hutumia "rent" kwa nyumba, "hire" kwa gari, na "charter" kwa ndege au boti inayochukuliwa nzima, ilhali Mmarekani husema "rent" hata kwa gari. Kamusi inayoyaorodhesha maneno hayo bila kuonyesha lipi huandamana na kitu gani irudishe rafuni.

Nafasi ya kwanza naipa kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wageni wa lugha hiyo. Ile ya Longman, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1978, hufafanua vidahizo vyake, yaani maneno yanayoorodheshwa ili yaelezwe, kwa maneno ya kawaida yapatayo 2,000, hivyo msomaji wa kiwango cha kati hachoki kwa kufukuza neno gumu ndani ya maelezo ya neno gumu jingine. Ya Oxford, iliyoasisiwa na A. S. Hornby na kuchapishwa kwanza Japani mwaka 1942, ina nguvu zaidi katika miundo ya vitenzi, na toleo lake la kumi lilitoka mwaka 2020. Kamusi ya COBUILD ya mwaka 1987, iliyotokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Birmingham, hueleza maana kwa sentensi kamili, jambo linalomfaa anayejifunza ili azungumze. Mimi ningeanza na Longman, na anayejiandaa kwa mitihani au kuandika barua za ofisi ningemshauri achukue Oxford. Hizo mbili husomeka bure mtandaoni, kwa hiyo nakala ya karatasi ina maana hasa kwa mwanafunzi wa bweni asiyeruhusiwa simu, au kwa aliye mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha.

Ya pili ni Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1996. Hukupa maana upesi, na upesi huo ndio hatari yake: ukishaona neno la Kiswahili unafunga kitabu kabla ya kujua kisawe chake kinatofautiana vipi. Iwe msaidizi wa ile ya kwanza.

Kamusi ya Kiingereza na Kiitaliano inashika nafasi ya tatu, tena kwa aliyekwisha kuanza Kiitaliano. Kubwa kama Ragazzini, inayochapishwa na Zanichelli wa Bologna, imekusudiwa Waitaliano, na maelezo yake mengi yako katika lugha yao. Ya mfukoni inatosha, mradi ionyeshe jinsia ya nomino na mkazo wa neno. Faida yake kubwa ni kufichua maneno yanayofanana kwa sura na kuachana kwa maana: mgeni anayelalamikia "camera" pale mapokezi anazungumzia chumba chake, na anayetafuta "libreria" anataka duka la vitabu, ambapo Kiingereza "library" ni maktaba.

Ya mwisho ni kamusi ya visawe, kama ile iliyoanzishwa na daktari Peter Mark Roget mwaka 1852. Hupanga maneno kwa mawazo, na maelezo ya maana hayamo kabisa. Ni hazina kwa mwandishi aliyekomaa, lakini anayeanza huokota humo neno zito na kulipachika lisipostahili.

Vitabu vya mitumba vinafaa kwa aina zote hizi, ila jihadhari na nakala za wizi: linganisha wino wa kurasa za katikati na za mwanzo, vuta gundi ya mgongoni taratibu, kisha hakikisha kurasa za herufi S, ambazo ni nyingi mno katika Kiingereza, zimefuatana bila pengo.