Gedi na Kilwa Kisiwani: uzio au wanakijiji?

Nalinganisha namna mbili za kulinda na kupima magofu ya miji ya kale ya Waswahili. Gedi, karibu na Malindi, imezungukwa na uzio na msitu wa asili, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mgeni hulipa kiingilio getini, na mawe ya majumba hayachukuliwi ovyo kujengea. Shida ni kwamba jicho huishia kwenye kuta za matumbawe. Watu wengi wa mji ule waliishi kwenye nyumba za udongo na makuti, na hizo huonekana tu ukichimba mashimo madogo ya majaribio, hatua kwa hatua, kati ya ukuta wa ndani na wa nje. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo yenye faida.

Kilwa Kisiwani, magofu yaliyo kisiwani kusini mwa Tanzania, ni kijiji hai: watu wanalima na kuvua jirani na Msikiti Mkuu. Mpima ramani lazima apige hodi kwanza. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004 hadi 2014. Bahari ilikuwa ikiila Gereza, ngome ya zamani ya hapo, na uzio usingeizuia.

Kwa ulinzi wa kuta, nachagua Gedi. Kwa upimaji, Kilwa: mkulima ndiye anayejua jembe lake hugonga vigae vya vyungu vya kale wapi.