Randa ya chuma namba 4 ya bei nafuu: kisu kwanza, mengine baadaye

Randa namba 4 (namba hiyo ni ya ukubwa) ya bei nafuu, ile isiyo na jina la maana ubavuni, ukiitoa kwenye boksi na kuiweka moja kwa moja juu ya ubao, ama itateleza bila kukata chochote, ama itang'oa vipande na kuacha mashimo. Wengi huirudisha dukani siku hiyohiyo. Boksi linasema "tayari kwa kazi", na hapo ndipo mnunuzi anapodanganywa, kwa sababu bado kuna kazi ya saa tatu au nne ya kuimalizia.

Umbo lake ni lilelile la Leonard Bailey, fundi wa Marekani ambaye biashara yake ya randa ilinunuliwa na kampuni ya zana ya Stanley mwaka 1869. Urefu ni takriban milimita 245, kisu kina upana wa milimita 50 na kimelala kwa digrii 45. Nyuma ya kisu kuna gurudumu la kuongeza na kupunguza kina, na juu yake wenzo mdogo wa kukisogeza kushoto au kulia. Mpangilio huo hauna kasoro. Kinachopungua kwenye nakala za bei nafuu ni umaliziaji.

Anza na kisu, na usiguse kitu kingine mpaka kiwe kikali. Futa kwanza mafuta ya kuzuia kutu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kisha geuza kisu, usugue upande wake wa nyuma (ule usio na mteremko) juu ya msasa wa maji uliobandikwa kwenye kioo kinene: namba 220, halafu 400, 800, na umalizie na 2000. Huhitaji kusawazisha upande wote. Milimita 10 za mwisho karibu na makali zinatosha, ila hizo zing'ae hadi ukingoni kabisa, pembe hadi pembe. Mistari ya mashine ya kiwandani ikibaki hapo, makali yatakuwa na meno kama ya msumeno hata unoe vipi upande wa pili.

Upande wa mteremko huja na digrii 25. Inua kisu kidogo kifike digrii 30, unoe ukingo tu, mpaka usikie kwa kidole kijikunjo chembamba cha chuma upande wa nyuma. Kiondoe kwa kulaza mgongo wa kisu kwenye msasa laini, kisha kwenye ngozi iliyopakwa dawa ya kung'arishia. Pembe mbili za kisu zinolewe zaidi kidogo ili ziingie ndani; zisipofanyiwa hivyo, kila mpigo wa randa utaacha mstari kwenye ubao. Anayetumia mashine ya kunolea awe na maji karibu. Chuma kikigeuka rangi ya buluu kimepoteza ugumu wake, na sehemu hiyo haina dawa isipokuwa kuisaga yote iishe.

Kifuniko cha kisu, kile kipande kilichopinda kinachofungwa juu yake kwa skrubu, ndicho wanaoanza hukipuuza na ndicho huwasumbua zaidi. Kifunge, inua vyote viwili kwenye mwanga, utazame vinapokutana. Ukiona mwanga, hata kidogo, maranda yatapenya hapo, yatajikunja, na mdomo wa randa (uwazi wa chini ambapo kisu hutokeza) utaziba baada ya mipigo mitatu. Karibu kila randa ya aina hii huonyesha mwanga. Sugua ukingo wa chini wa kifuniko kwenye msasa huku ukishusha mkia wake kidogo chini ya usawa wa kioo, ili ncha ya mbele ndiyo igusane na kisu kwanza.

Umbali kutoka kifuniko hadi makali ndio unaoamua kama ubao utachanika. Kwa kazi ya kupunguza unene haraka, acha milimita 1.5. Kwa kazi ya kawaida, nusu milimita. Ubao wenye nyuzi zinazogeukageuka, au wenye fundo, unataka milimita 0.2 au pungufu, kiasi kwamba jicho huona uzi mwembamba tu wa chuma. Ukisogeza karibu mno, maranda hutoka yamekunjamana na randa huwa nzito kusukuma.

Chini ya kisu kuna kiti chake, kilichoshikwa na skrubu mbili. Kwenye nyingi ya randa hizi rangi imemwagikia mahali kisu kinapolala. Ikwangue. Kisu kisipolala sawasawa hutetemeka, na ubao hutoka na mawimbi. Tatizo hilo huonekana zaidi hapa kwa sababu kisu chenyewe ni chembamba, milimita 2 hivi.

Kitako, yaani uso wa chini unaoteleza juu ya ubao, kisikutie wasiwasi sana. Watu humaliza siku nzima wakikisugua kiwe kama kioo, kazi ambayo ubao hauitambui. Chora mistari ya penseli, rudisha kisu ndani lakini ukiache kimefungwa na kibanio chake cha juu kikiwa kimekazwa (kubanwa huko hupinda mwili wa randa kidogo, kwa hiyo kupima bila kisu ni kujidanganya), kisha sugua kwenye msasa namba 80. Mistari ikifutika mbele, nyuma, na ukanda ulio mbele kidogo ya mdomo, acha. Pakaza nta ya mshumaa na urudie kila baada ya dakika kadhaa za kazi. Tofauti utaisikia begani.

Kasoro zisizoondoka zipo. Gurudumu la kina huzunguka bure karibu mzunguko mzima kabla ya kushika, kwa hiyo malizia marekebisho kwa kusukuma kisu mbele daima, la sivyo kitarudi nyuma chenyewe ukiwa kazini. Mpini wa plastiki hulegea. Kaza skrubu yake mara kwa mara. Chuma cha kisu ni laini kiasi, na kwenye mbao ngumu utalazimika kunoa upya mara nyingi.

Kwa kupunguza, kusawazisha na kulainisha mbao nyumbani inatosha. Kwa kunyoosha ukingo wa ubao mrefu haifai, kwani kitako kifupi hufuata mabonde badala ya kuyaruka. Hapo inatakiwa randa ndefu, namba 5 au zaidi. Ukipata namba 4 ya zamani isiyo na ufa karibu na mdomo, na kisu kisicho na mashimo ya kutu karibu na makali, ichukue hiyo kabla ya hii mpya.