Seti ya mandolini ya kuunganisha nyumbani: mbao safi, maelekezo hovyo

Hii ni mandolini ya tatu kuiunda mwenyewe, ile ala ndogo ya nyuzi nane inayofanana na gitaa. Mbili za mwanzo nilianza na mbao tupu, na ile ya kwanza kabisa imebaki pambo la ukutani kwa sababu haipigiki. Freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, nilikuwa napima kila moja kutoka kwenye iliyotangulia, kosa dogo likarithishwa hadi la mwisho, na kufika freti ya 12 sauti ilishapotea njia. Sasa zote nazipima kutoka sehemu moja, kule kwenye mfupa wa kichwani, unaobeba nyuzi mwanzoni mwa shingo. Ila safari hii nilisema nisijitese, nikaagiza seti yenye vipande vilivyokwisha kukatwa.

Mbao nazisifu bila kinyongo. Kifua (ubao wa mbele) cha mti wa sprusi kimeshachongwa, mistari yake imesongamana na kunyooka toka juu hadi chini. Mgongo na mbavu (mbao za pembeni) ni za mti wa mepuli, na mbavu zimekuja zimeshapindwa. Aliyewahi kupinda ubao wa milimita 2 kwenye bomba la moto, akausikia ukilia "ta!", anajua hilo ni jambo la kushukuru. Mifereji ya freti imekatwa kwa urefu wa uzi wa milimita 352. Nikatoa kalipa, kipimio changu: mfereji wa kwanza uko milimita 19.8 kutoka kwenye mfupa, wa 12 kwenye 176 kamili, yaani nusu ya uzi. Hapo sina neno.

Kifua wamekiacha kinene, milimita 6 katikati. Nilikikwangua hadi 4.5, huku nikikigonga kwa kifundo cha kidole, mpaka mlio wa meza ukageuka mlio wa kigoma. Uwe na kikwangulio kikali. Kwa msasa peke yake utakesha.

Sasa karatasi ya maelekezo. Hatua ya 4 inakwambia ugundishe shingo. Hatua ya 9 ndiyo inakwambia ukague mwinamo wa shingo! Nami nikatii. Nilipolaza rula ya chuma juu ya shingo, ncha yake ilipita milimita 9 tu juu ya kifua, pale linapokaa daraja, kile kipande kinachoinua nyuzi. Nahitaji kama 16. Kwa ubishi nikafunga nyuzi zote nane, nikashusha daraja mpaka skrubu zikagota, na bado nyuzi zilikuwa milimita 3 juu ya freti ya 12. Kwenye mandolini nyuzi ziko mbilimbili, kila noti unakandamiza mbili kwa mpigo. Baada ya nyimbo mbili ncha za vidole zilikuwa na mitaro.

Niliwaandikia wauzaji. Wakanitumia karatasi ile ile, safari hii ikiwa na rangi.

Gundi nyeupe iliyomo kwenye seti nayo ilinikomoa. Ikipata joto inalegea na kunata kama ubani uliotafunwa, lakini haiachii. Ubao wa vidole, ule wenye freti juu ya shingo, niliubandua kwa pasi na kisu chembamba, nikatoboa tundu dogo kufikia kiungo cha shingo, nikaingiza mvuke kwa mpira kutoka kwenye sufuria ya presha. Siku mbili nzima, na alama ya kuungua kwenye kidole gumba. Kiungo nikakichonga upya kwa patasi, kidogo kidogo, nikipachika shingo kavu na kulaza rula kila mara, hadi ikasoma 16. Ndipo nikaleta gundi ya ngozi: unailoweka kwenye maji baridi, unaipasha kama nyuzi joto 60, na ukikosea, maji ya moto yanaifungua kiungwana.

Nyuzi zote nane zikikazwa zinavuta karibu kilo 80. Wiki tatu zimepita, rula bado inasoma 16, na nyuzi zimekaa milimita 1.5 juu ya freti ya 12. Mlio wake unazishinda zile mbili zangu, nakiri kwa wivu kidogo.

Ningeinunua tena, kwa ajili ya mbao. Ile karatasi ya rangi ninaiweka chini ya kopo la gundi, meza isichafuke.