Uzoefu wangu na ramani za zamani za 1:50,000 (Y731) kwenye mashamba ya Nyeri

Ukitafuta maji, njia za zamani au sura ya mteremko, karatasi za Y731, mfululizo wa ramani za sura ya nchi za Kenya, ni hazina. Ukitafuta mpaka wa shamba, ziache. Milimita 1 kwenye karatasi ni mita 50 ardhini, kwa hiyo mstari wa penseli wa nusu milimita tayari umefunika mita 25 za shamba la mtu. Mgogoro wa mpaka upeleke kwa mpima ardhi na ramani za usajili.

Karatasi moja inachukua dakika 15 kwa 15 za digrii, yaani kama kilomita 28 kila upande, na mchoro wenyewe una sentimita 55 hivi. Ili kuiingiza kwenye kompyuta, usiipige picha kwa simu, kingo zitapinda. Tafuta skana pana, uskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi); hapo kila pikseli ni kama mita 4. Iliyokunjwa ilazwe kwanza chini ya kitu kizito.

Kinachowaangusha wengi ni datumu, yaani msingi unaotumika kuhesabu latitudo na longitudo. Ramani hizi ziko kwenye Arc 1960, simu yako iko kwenye WGS84. Ukizichanganya, kila kitu kinasogea karibu mita 300 kaskazini au kusini, na Nyeri, ambako matuta na mito vimebanana, chemchemi inaweza kuhamia ng'ambo ya mto. Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, chagua EPSG:21037 (namba ya gridi ya Arc 1960 ya eneo hili) kabla ya kufunga nukta, yaani kuzipa nukta za skani namba zake za gridi. Magharibi ya longitudo 36° tumia 21036. Hizo zote ni za kusini mwa ikweta.

Funga makutano ya mistari ya gridi, 9 hadi 12, yaliyotawanyika karatasi nzima, kwa Polynomial 1, njia ya kulinganisha isiyoipinda karatasi. Nukta moja ikikaa mbali na mahali pake kwa pikseli nyingi, mara nyingi umesoma tarakimu vibaya pambizoni. Irudie. Usikimbilie Thin Plate Spline: inaipinda ramani ifuate kosa lako, nawe unaona kila kitu kimekaa sawa.

Pambizoni soma pia kama kontua (mistari ya mwinuko) ni za futi au mita, na mwaka wa picha za ndege, maana mwaka wa kuchapwa huwa wa baadaye. Mto wa vistari vilivyokatika ni wa msimu, usiupangie umwagiliaji wa kiangazi.

Kwa bomba la maji ya mserereko, ramani inakuchagulia njia tu. Kontua zikiachana mita 20, mwinuko wa mita 8 katikati hauonekani, na hapo ndipo hewa hujikusanya na maji kukatika. Njia ikishapatikana, ipime kwa leveli kabla ya kununua bomba.