Gari jipya la Formula 1: tusiangalie rangi, tuangalie hewa inapita wapi

Haya wapenzi wa magari, karibuni tena. Leo rangi na nembo za wadhamini tunaziweka kando. Nasimamisha picha hapa, kwenye bawa la nyuma la gari la kanuni za 2026. Unaviona vipande vya juu? Kwenye kona vimesimama, hewa inavikandamiza, gari linang'ang'ania lami. Sasa naiachia video... gari limetoka kwenye kona, dereva kabonyeza kitufe, vipande hivyo vimelala. Usikimbilie kusema hiyo ni DRS, ule mfumo wa zamani wa kupunguza ukinzani wa hewa ili kumpita mwenzako. Rudi mbele, tazama bawa la pua: nalo limelala! Akikanyaga breki, yote yanasimama tena.

DRS, iliyokuwepo tangu 2011 hadi 2025, ilifungua bawa la nyuma tu, na kwenye mbio ulihitaji kuwa ndani ya sekunde moja nyuma ya mwenzako. Hii ya sasa ni ya kila gari, kila mzunguko, kwenye maeneo yaliyopangwa. Na kwa nini mbele pia? Ukilaza la nyuma peke yake, mkia unakuwa mwepesi huku pua ikiendelea kukandamizwa. Ukilaza yote mawili, uwiano unabaki.

Chanzo cha yote haya ni betri. Mota ya umeme imepanda kutoka kilowati 120 hadi 350, karibu nusu ya nguvu yote ya gari. Umeme huo unaisha haraka mno, kwa hiyo ukinzani wa hewa ilikuwa lazima ushuke. Bodi imechongwa kuisaidia injini, na ukilijua hilo, maumbo mengi hapa yanaeleweka.

Chini ya gari, ile mifereji mikubwa ya kupitishia hewa ya kanuni za 2022 imeondoka na sakafu imekuwa bapa zaidi. Mimi siisikitikii. Ililazimisha magari yaende chini sana na magumu kama ubao; mnamkumbuka dereva Lewis Hamilton kwenye mbio za Baku, Azerbaijan, 2022 akishuka garini ameshika mgongo.

Ukubwa? Upana milimita 1900, pungufu ya 100, na kilo kama 30 zimekatwa. Sawa, ila 2013 uzito wa chini unaoruhusiwa ulikuwa kilo 642, mwepesi kuliko wa sasa, kwa hiyo tusiwapigie makofi sana.

Sasa kipande ninachokipenda kuliko vyote, navuta karibu: hivi vibao nyuma ya tairi la mbele, kabla ya mbavu za gari. FIA, shirikisho linalotunga kanuni za mbio hizi, wameviweka ili hewa chafu, yaani iliyovurugwa na tairi, ivutwe kuelekea ndani, anayefuata nyuma apate hewa nzuri. Lakini timu zinataka kinyume chake, hewa hiyo irushwe nje, mbali na sakafu yao wenyewe. Ndiyo maana mikunjo na mipasuo ya vibao hivi inatofautiana timu kwa timu. Kila mhandisi anatafuta upenyo kwenye kanuni. Mwaka 2022 tuliahidiwa hivi hivi, magari yakafuatana vizuri mwanzoni, halafu timu zikaanza kuirudisha hewa nje na kufuatana kukawa kugumu tena. Bawa linalolala nalipatia alama zote. Ahadi ya hewa safi siipi alama yoyote mpaka nione sasisho za msimu wa pili.