Post-9/11, Montgomery au Sura ya 31: mafao ya masomo ya wanajeshi wa zamani wa Marekani, na upi wa kuanza nao

Anayetoka jeshini Marekani akitaka kurudi darasani ana milango mitatu mikubwa: Post-9/11 GI Bill, ambayo wenyewe huiita Sura ya 33 kwa namba ya sura yake katika sheria, Montgomery GI Bill, yaani Sura ya 30, na Veteran Readiness and Employment, Sura ya 31, ulio wa wenye ulemavu uliotokana na utumishi. Yote mitatu inasimamiwa na idara ya serikali ya wanajeshi wa zamani, VA. Wengi huulinganisha mmoja na mwingine kwa kiasi cha mwezi, wakachagua wenye namba kubwa, na miezi ya bure ikawapotea. Kinachoamua zaidi ni upi unaotumika kwanza. Viwango vilivyomo humu ni vya mwaka wa masomo 2024–25. Sura ya 33 hubadilishiwa viwango kila Agosti 1, Sura ya 30 kila Oktoba 1.

Tuanze na Post-9/11, maana ndiyo inayobeba watu wengi. Ilianza kulipa Agosti 1, 2009, kwa waliotumikia walau siku 90 baada ya Septemba 10, 2001. Siku hizo 90 zinakupa asilimia 50 tu ya mafao. Miezi 6 inakufikisha 60, miezi 18 ni 70, miezi 24 ni 80, miezi 30 ni 90, na miezi 36 ndiyo 100. Mwenye nishani ya Purple Heart anapata 100 bila kuhesabiwa miezi, sawa na aliyetumikia siku 30 mfululizo akaachishwa kwa ulemavu uliotokana na utumishi. Asilimia hiyo inagusa kila kitu: ada, nyumba na vitabu. Mtu wa asilimia 60 anayedhani ada yake yote italipwa atapokea ankara ya asilimia 40 kutoka chuoni, na chuo hakina huruma na ankara.

Kwa mwenye 100, chuo cha umma hulipwa ada yote ya mkazi wa jimbo. Chuo binafsi, au cha nje ya Marekani, kina kikomo cha dola 28,937.09 kwa mwaka. Vitabu ni dola 41.67 kwa krediti, yaani kipimo cha uzito wa somo, mwisho krediti 24, yaani dola 1,000 kwa mwaka. Mafao yanadumu miezi 36, na aliyeachishwa Januari 1, 2013 au baadaye hana tarehe ya mwisho ya kuyatumia.

Utamu wa Sura ya 33 uko kwenye posho ya nyumba, na matatizo yake mengi yako hapo hapo. Posho inafuata kiwango cha sajenti wa daraja la E-5 mwenye familia, kwa msimbo wa posta wa kampasi unakosomea masomo mengi. Anwani ya nyumbani kwako haihesabiki. Ukisoma mtandaoni tupu, unapata nusu ya wastani wa taifa: dola elfu moja na ushee kwa mwezi. Ukiongeza somo moja tu la ana kwa ana kampasini, unahamia kiwango cha kampasi hiyo, ambacho katika miji ya gharama kubwa ni mara mbili ya hicho au zaidi. Kwa anayekaa karibu na chuo, somo hilo moja ndilo lenye faida kuliko yote kwenye ratiba.

Kisha mzigo wa masomo. Posho hailipwi kabisa mpaka uzidi nusu ya mzigo kamili. Chuo kinachohesabu krediti 12 kuwa mzigo kamili kitampa mwenye krediti 6 asilimia 50, na posho yake ni sifuri. Mwenye krediti 7 ana asilimia 58, VA inaikadiria kuwa 60, naye anapata asilimia 60 ya posho. Krediti moja, kodi ya nyumba nzima. Wengi hupunguza masomo wakidhani posho itashuka kidogo, kumbe wameukata mti wenyewe.

Likizo kati ya mihula hazilipwi. Posho huhesabiwa kwa siku za masomo, na hulipwa mwezi ukishaisha, kwa hiyo muhula ukifungwa Desemba 13, malipo yatakayofuata ni ya siku 13. Panga kodi ya Januari tangu Oktoba. Pia kila mwezi lazima uthibitishe kuwa bado unasoma, kwa ujumbe wa simu au kwenye akaunti yako ya VA. Ukiruka miezi miwili mfululizo, posho inasimamishwa hadi uthibitishe.

Kikomo cha chuo binafsi kina dawa yake iitwayo Yellow Ribbon. Chuo kinachangia sehemu ya ada iliyozidi kikomo, VA inalipa kiasi sawa na hicho. Ila chuo ndicho kinachoamua kitachangia kiasi gani, kwa wanafunzi wangapi, na katika kitivo kipi, na mpango ni wa wenye asilimia 100 peke yao. Chuo kinaweza kuwa kwenye orodha na nafasi zake zimejaa. Uliza kwa maandishi kama nafasi yako imewekwa kabla hujalipia kujisajili.

Montgomery ni mpango wa zamani, na wengi wanaudharau bila kupiga hesabu. Ukiwa jeshini ulikatwa dola 100 kwa mwezi kwa miezi 12, jumla dola 1,200. Ndizo zinazokufungulia mlango, pamoja na kuachishwa kwa heshima. Haulipi chuo. Unakulipa wewe: dola 2,438 kwa mwezi kwa mwenye mzigo kamili aliyetumikia miaka mitatu au zaidi, popote anaposoma, mtandaoni au darasani. Ada unalipa mwenyewe humo humo. Kikomo cha kawaida cha muda ni miaka 10 baada ya kutoka jeshini.

Chukua mwanafunzi wa mtandaoni tupu, krediti 12, miezi minne, kwenye chuo cha ada ya dola 1,500 kwa muhula. Montgomery inampa 9,752. Toa ada, anabaki na 8,252. Sura ya 33 inalipa ada hiyo, inampa elfu nne na ushee za nyumba na takriban 500 za vitabu: chini ya 5,000. Tofauti ni zaidi ya dola 3,000 upande wa mpango wa zamani. Mwanafunzi huyo huyo akikaa darasani mahali ambapo posho ni 2,400 kwa mwezi, anabaki na 10,100 mkononi chini ya Sura ya 33, na kibao kinageuka. Aliyechangia dola 600 za ziada akiwa jeshini huongezewa hadi dola 150 kwa mwezi kwenye Montgomery, na nyongeza hiyo isiachwe nje ya hesabu.

Sasa kwenye kisanduku cha fomu kinachogharimu. Katika kuomba Sura ya 33, mwenye haki ya Montgomery huulizwa kama anaiacha. Uamuzi huo haurudishwi nyuma. Aliyeiacha baada ya kutumia miezi 10 ya Montgomery huhamia na miezi 26 tu iliyobaki, si 36 mipya. Lakini aliyemaliza Montgomery yote kwanza anaweza kuongezewa miezi 12 ya Sura ya 33, mpaka jumla ya 48. Na tangu Aprili 16, 2024, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya Rudisill, mwenye vipindi tofauti vya utumishi vinavyompa kila mpango kivyake anaweza kutumia yote miwili hadi miezi 48, kwa mpangilio autakao, bila kulazimika kuacha mmoja. Mwenye utumishi wa zaidi ya kipindi kimoja asisaini kuacha chochote kabla hajapata maelezo ya VA juu ya uamuzi huo. Zile dola 1,200 hurudishwa, zote au sehemu, kwa aliyehamia Sura ya 33 akaimaliza akiwa bado anapokea posho ya nyumba. Zile 600 za ziada hazirudi.

Sura ya 31 kwa anayestahiki ndiyo bora kuliko zote, na ndiyo inayombana mtu kuliko zote. Unahitaji kiwango cha ulemavu uliotokana na utumishi cha asilimia 10 au zaidi ili kuomba tu. Kisha mshauri wa VA lazima akubali kuwa ulemavu huo unakuzuia kupata au kushika kazi. Kwa mwenye asilimia 10 kizuizi hicho lazima kiwe kikubwa, kwa mwenye 20 masharti ni mepesi zaidi. Ukipita, mpango unalipa ada bila kile kikomo cha chuo binafsi, vitabu, vifaa na zana ambazo kozi inazitaka, na posho ya kila mwezi juu yake.

Wanaokataliwa wengi wao huingia na sentensi isiyofaa: nataka digrii. Mpango huu ni wa kazi. Mshauri anataka kusikia ni kazi gani, kwa nini mgongo au masikio yako hayakuruhusu kurudi kwenye ile ya awali, na kwa nini mafunzo haya yanakufikisha. Nenda na matangazo ya ajira ya eneo lako, masharti ya elimu ya kazi hiyo, na barua ya kukubaliwa chuoni. Mwenye digrii tayari na kazi inayomfaa ana nafasi ndogo. Na ukipewa mpango wa kuwa mhasibu, huwezi kuamka ukahamia filamu bila kibali cha mshauri.

Mpangilio ndio huu basi: mwenye ulemavu uliothibitishwa aanze Sura ya 31. Tangu Aprili 1, 2021, miezi unayotumia huko haipunguzi miezi ya GI Bill. Lakini miezi ya GI Bill uliyoitumia kwanza inahesabiwa kwenye 48 za Sura ya 31. Tena, mwenye walau siku moja ya Sura ya 33 iliyobaki anaweza kuchagua posho ya Sura ya 31 ilipwe kwa kiwango cha Post-9/11, ambacho kwa kawaida ni kikubwa zaidi. Aliyemaliza Sura ya 33 hadi siku ya mwisho amejifungia mlango huo.

Kuomba kwenyewe si kazi. Fomu 22-1990 kwa GI Bill, 28-1900 kwa Sura ya 31, zote kwenye tovuti ya VA, na cheti cha kuachishwa, DD 214, mkononi. Utapokea hati ya kustahiki. Soma asilimia na idadi ya miezi, na ukiona utumishi umehesabiwa pungufu lalamika kabla muhula haujaanza. Hati hiyo mpelekee ofisa wa chuo anayethibitisha usajili kwa VA. Huyu ndiye mtu wa kumjua kwa jina. Asipotuma uthibitisho, VA haijui kama upo darasani, na kila ukibadilisha somo mwambie siku hiyo hiyo.

Kujitoa kwenye somo katikati ya muhula ndiko kunakozaa madeni. VA inaweza kudai ilicholipa tangu siku ya kwanza ya somo hilo, isipokuwa una sababu nzito yenye ushahidi. Mara ya kwanza tu husamehewa hadi krediti 6 bila maswali. Aliyekaa hadi mwisho akafeli kwa haki hadaiwi. Aliyefeli kwa kutohudhuria anadaiwa.

Jaza pia FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, hata kama ada imeshalipwa. Ruzuku ya Pell, ya serikali kwa wanafunzi wa kipato cha chini, hadi dola 7,395 kwa mwaka, haipunguzwi kwa sababu ya GI Bill. Ufadhili uliotengwa kwa ada pekee, kinyume chake, hukatwa kwanza na Sura ya 33 hulipa kilichobaki tu, kwa hiyo omba mfadhili asiuwekee sharti la ada.

Anayekaribia kumaliza miezi yake 36 ya Sura ya 33 atazame tarehe. Ikiisha katikati ya muhula, VA hulipia hadi muhula ufungwe. Ukibakiwa na siku chache, usizichomee kwenye kozi fupi ya kiangazi. Zihifadhi ziangukie siku ya kwanza ya muhula mrefu wenye masomo kamili.