Koelenterazini h niliyoletewa Mwanza: msipokee iliyokwisha kuyeyushwa

Kemikali yenyewe sina ugomvi nayo. Kwa anayepima mawasiliano ya vipokezi vya seli kwa mwanga, koelenterazini h ndiyo inayoifanya lusiferezi (kimeng'enya kinachotoa mwanga) iwake. Ugomvi wangu ni na wakala wa Dar es Salaam aliyetuletea.

Oda ilisema unga, miligramu 1, chupa iliyofungwa na kujazwa gesi ya argoni. Kilichoshuka stendi ya Nyegezi ni vichupa vidogo vya maji ya njano, ndani ya boksi lenye barafu ya kawaida iliyokwisha yeyuka. Walifungua chupa, wakagawa, wakayeyusha kwa DMSO, kiyeyushio cha maabara! Koelenterazini haikai kwenye DMSO; inaungana na oksijeni na kufa polepole. Inayeyushwa kwa ethanoli au methanoli safi isiyo na maji, mililita 1 kwa miligramu 1, inagawanywa kwenye vichupa vya giza na kuwekwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Nilipopiga simu nikajibiwa: "Dokta, imeyeyuka vizuri, haina hata punje. Ninyi wa Kanda ya Ziwa mna maneno mengi."

Maneno mengi! Mji huu unapeleka minofu ya sangara Ulaya ikiwa imeganda, halafu kichupa kimoja kinashindikana kutoka Dar?

Ubaya wa kemikali iliyooza ni kwamba hainyamazi. Tunapima kipokezi cha beta-2 cha adrenalini kilichobandikwa lusiferezi ya Renilla (kiumbe wa baharini), na beta-arestini, protini inayokifuata kipokezi kikiamshwa, iliyobandikwa protini inayong'aa njano. Vikikaribiana chini ya nanomita 10, nishati inahama kutoka kwa lusiferezi kwenda kwa protini ya njano, na mwanga wa njano wa karibu nanomita 530 unaongezeka ukilinganisha na wa bluu wa karibu 480. Jibu ni uwiano wa njano kwa bluu, ukitoa uwiano wa seli zenye lusiferezi peke yake. Kwa sababu ni uwiano, mwanga ukishuka nusu kwa rangi zote mbili namba inabaki inapendeza, na mtu anaendelea na kazi bila kushtuka. Mwanga ukikaribia ule wa visima (vishimo vya sahani ya kupimia) visivyo na seli, uwiano unavutwa kuelekea namba ya visima vitupu, na tofauti kati ya visima vyenye isoprenalini, dawa inayoamsha kipokezi hicho, na visivyo nayo inamezwa. Mwanafunzi ataandika kwamba dawa haifanyi kazi, kumbe dawa haina kosa.

Basi angalieni namba ghafi za bluu kabla ya uwiano. Tumieni sahani nyeupe ya visima 96. Osheni seramu yote, maana albumini huifanya koelenterazini itoe mwanga bila lusiferezi, na wekeni bafa (maji ya chumvi ya kutunzia seli) isiyo na rangi nyekundu ya fenoli. Seli kwenye mikrolita 90, kisha mikrolita 10 za koelenterazini ya mikromola 50, ili ibaki mikromola 5. Subirini dakika 5 ndipo msome. Kichupa mnachokitilia shaka kipimeni kwenye spektrofotometa: nzima ina kilele cha kufyonza mwanga karibu na nanomita 430, iliyooza kilele hicho kimeporomoka.

Nilikusudia kuwapa nyota moja. Lakini baada ya kelele nyingi walituma nyingine: unga, chupa haijaguswa, barafu kavu, kwa ndege. Bluu ikapanda, visima vitupu vikatulia, arestini ikaonekana ikikifuata kipokezi dakika chache tu baada ya isoprenalini. Data safi kabisa. Kwa hiyo wanaweza! Hilo limeniudhi kuliko lile boksi la kwanza, kwa sababu ina maana hawakuona haja mpaka wapigiwe kelele, na yule wa simu hadi leo hajasema pole.

Nyota mbili. Labda tatu kwa mzigo wa pili, ila siandiki tatu. Na nitaagiza kwao tena, kwa masharti: oda iandikwe UNGA, CHUPA ISIFUNGULIWE, NDEGE, ISITUMWE IJUMAA, na salio lilipwe baada ya kupima kile kilele cha 430.